Mita 2000 bila maji: mashindano ya kwanza ya mashine ya makasia kwa anayeanzia Zanzibar

Mkono uliozoea kafi hauanzi patupu mbele ya mashine ya makasia, ila huja na mazoea yasiyofaa. Ndani ya mtumbwi unatazama uendako, miguu imetulia, kazi iko mabegani. Kwenye mashine kiti kinateleza juu ya reli, miguu imefungwa kwa mikanda, na mzigo mkubwa unabebwa na mapaja. Mvuvi mwenye kifua kipana akikaa mara ya kwanza huvuta kwa mikono. Baada ya dakika mbili mabega yanawaka moto, na kijana mwembamba wa pembeni yake, anayesukuma kwa miguu, anampita bila jasho la kutisha.

Mwongozo huu ni wa mtu wa Unguja au Pemba anayetaka kuingia mashindano makubwa ya mashine hizi kwa mara ya kwanza, awe atasafiri au atashiriki kwa mtandao.

Unachokwenda kukifanya

Umbali wa kawaida ni mita 2000. Mashine hupangwa kwa mistari ukumbini, kila moja na namba yake, zote zimeunganishwa na kompyuta moja. Kwenye kioo kikubwa kila mpigaji huonekana kama kijichombo kinachosogea. Hakuna upepo, hakuna mkondo, hakuna nahodha wa kulaumiwa. Yapo pia mashindano ya mita 500, na ya kupokezana ambapo watu kadhaa hubadilishana mashine moja.

Mashine inayotumika karibu kila pahala ni ya Concept2, kampuni ya Vermont, Marekani, iliyoanza kuziuza mwaka 1981. Shirikisho la makasia la dunia, World Rowing, liliandaa ubingwa wake wa kwanza wa dunia wa ndani mwaka 2018 huko Alexandria, Virginia. Mwaka 2021, kwa sababu ya korona, ubingwa huo ukafanyika kwa mtandao, kila mtu na mashine yake alipo. Mlango huo wa mtandao ndio unaowafaa watu wa visiwani, na mashindano mengi bado yanautumia.

Ili ujue dari iko wapi: Josh Dunkley-Smith wa Australia alipiga mita 2000 kwa dakika 5 na sekunde 35.8 mwaka 2018, na Brooke Mooney wa Marekani kwa 6:21.1 mwaka 2021. Hizo ziangalie kama unavyoangalia nyota. Mtu mzima anayeanza akimaliza kati ya dakika 8 na 10 hajafanya jambo la aibu, na atawakuta wengi wa kiwango chake, kwa sababu washiriki hupangwa kwa jinsia, umri, na mara nyingine uzito. Kundi la wepesi kwa kawaida ni wanaume wasiozidi kilo 75 na wanawake wasiozidi kilo 61.5, na hupimwa siku hiyo hiyo kabla ya mbio. Kama una kilo 77 usijaribu kuzikausha mbili. Mtu aliyejinyima maji usiku kucha hana mita 2000 ndani yake.

Kuipata mashine na kuikagua

Kabla ya kulipia jimu, ya mjini au ya hoteli, uliza kwanza mashine yao ni ya aina gani. Zipo za maji, zenye tangi la plastiki, na zipo za sumaku. Zote zinatoa jasho, lakini namba zake hazilingani na za mashindano. Unayoitaka ni ya feni, yenye kioo cha namba cha Concept2 kiitwacho PM5, au walau vile vya zamani, PM3 au PM4. Kioo hicho hakihitaji umeme wa ukutani. Kinatumia betri mbili kubwa na nguvu ya feni yenyewe, kwa hiyo umeme ukikatika unaendelea kupiga. Kitakachozima ni pangaboi la ukumbi tu.

Pembeni mwa feni kuna kipini chenye namba 1 hadi 10. Hapo ndipo wageni wengi wanapopotea: wanakipeleka 10 wakidhani wameongeza mazoezi. Kipini hicho kinaruhusu hewa iingie kwa feni, kidogo au nyingi. Hewa nyingi huifanya feni ipunguze mwendo haraka kati ya mvuto na mvuto, na kila mvuto unakuwa mzito kama kusukuma jahazi lililokwama mchangani. Mgongo wa chini ndio unaolipa.

Tena, namba ya kipini haina maana sawa kwenye mashine mbili. Vumbi na nyuzi za nguo zikijaa kwenye wavu wa feni, 5 ya mashine hiyo inakuwa sawa na 3 ya mashine safi. Kipimo cha kuaminika kiko ndani ya kioo. Fungua "More Options", chagua "Display Drag Factor", vuta mara kumi hivi, na namba ya ukinzani wa feni itatokea. Anayeanza, mwanamke au mwanamme, aiweke kati ya 110 na 130, na mwepesi aanzie chini ya hapo kidogo. Iandike. Siku ya mashindano utaitafuta namba hiyo hiyo, hata kama kipini kitakuwa kimesimama pengine.

Kwa anayemiliki au kuitunza mashine karibu na bahari: chumvi ya hewani haina huruma na mnyororo. Futa reli kila baada ya kupiga, maana uchafu wa hapo ndio unaofanya kiti kikwaruze. Kila saa 50 za matumizi pitisha mafuta mepesi ya madini, au oili ya injini ya namba 20, kwenye kitambaa, na kitambaa juu ya mnyororo. WD-40 si ya kazi hiyo.

Mvuto mmoja

Funga miguu ili mkanda upite juu ya sehemu pana ya wayo, si juu ya vidole wala karibu na kifundo. Vaa raba yenye soli nyembamba na ngumu. Raba nene za kukimbilia hubonyea, na kila kunapobonyea umepoteza nguvu.

Kaa mbele, visigino vimeinuka kidogo, mapaja karibu na kifua, mikono imenyooka, mgongo mrefu ulioinama kutoka nyongani. Mfupa wa muundi usimame wima, na usiupitishe hapo. Sasa sukuma ubao wa miguu. Mikono ni kamba tu kwa wakati huu. Miguu ikikaribia kunyooka, kiwiliwili kinafunguka kwenda nyuma kidogo, kama mkono wa saa kwenye 11. Mwisho mikono inauleta mpini chini ya kifua. Miguu, kiwiliwili, mikono.

Kurudi ni kinyume chake: mikono itoke kwanza, kiwiliwili kifuate, magoti yakunjwe mwisho. Kurudi kuchukue muda mara mbili ya kuvuta. Wengi wanakimbilia mbele kama waliofukuzwa, kisha wanashangaa mbona mivuto ni 34 kwa dakika na mita hazisogei. Kurudi ndiko kupumzika kwako pekee katika dakika zote hizo, usikutupe.

Makosa manne hurudi kila siku, na kila moja lina alama yake. Ukikunja viwiko mapema, mikono ya mbele itakaza kabla ya mita 700. Kiti kikitangulia nyuma huku mpini umebaki, miguu imesukuma bure na kiuno kitauma kesho yake. Mpini ukipanda mlima kuyaruka magoti, mnyororo utacheza juu na chini badala ya kwenda sawa kama uzi wa fundi wa kujenga. Hiyo ina maana magoti yamekunjwa kabla mikono haijapita. Na malengelenge ya viganja maana yake unaukaba mpini. Vidole viwe kama kulabu, kidole gumba kilegee.

Piga picha ya video kutoka ubavuni kwa simu, dakika moja tu, kila wiki. Mtu hajioni mgongo wake.

Namba unayopaswa kuijua

Kioo kinaonyesha mambo mengi, lakini mpigaji huishi na moja: muda wa kwenda mita 500 kwa mwendo ulio nao sasa. Wenyewe huiita spliti. Spliti ya 2:10 ikishikwa mita zote 2000 inatoa dakika 8 na sekunde 40.

Jambo la kulielewa vizuri ni kwamba spliti na nguvu haviendi sambamba. Nguvu hupanda kwa mchemraba wa kasi. Spliti ya 2:10 inataka wati 159 hivi. Ya 2:05 inataka 179. Ya 2:00 inataka kama 202. Yaani sekunde 10 tu za kujionyesha mwanzoni zinagharimu zaidi ya robo ya nguvu yako juu ya ile uliyopanga, na deni hilo hulipwa kwa riba.

Tuchukue mtu wa 2:10 anayeanza mita 500 za kwanza kwa 2:00 kwa sababu jirani yake kafanya hivyo. Ameweka akiba sekunde 10. Mita 500 za pili anapiga 2:12, miguu ikianza kujaa. Za tatu 2:22, na za nne 2:22 tena kwa kuomba dua. Jumla ni 8:56. Angekaa kwenye 2:10 yake bila kuvutia macho ya mtu angemaliza sekunde 16 mapema. Hii ndiyo ajali kubwa ya mashindano ya ndani, na hutokea katika dakika ya kwanza, wakati ambao mwili haujalalamika hata kidogo.

Utaipataje spliti yako? Wiki mbili au tatu kabla ya mbio, ukiwa umepumzika siku moja, piga mita 500 mara nne, ukipumzika dakika 2 kati yake. Wastani wa hizo nne, ongeza sekunde 2 au 3: hapo ndipo pa kuanzia kwa anayeanza. Njia nyingine ni kanuni ya wapigaji wa zamani, kwamba umbali ukizidi maradufu spliti huongezeka kama sekunde 5. Aliyepiga mita 1000 kwa spliti ya 2:05 atarajie 2:10 kwenye 2000. Njia mbili zikitofautiana, chukua ile ya polepole.

Wiki kumi za matayarisho

Kama una presha, maumivu ya kifua, kisukari, au umepita miaka 40 bila mazoezi, pita kwa daktari kwanza. Mita 2000 si mazoezi ya wastani. Moyo unafikishwa karibu na mwisho wake.

Siku tatu kwa wiki juu ya mashine zinatosha. Wiki tatu za mwanzo ni za ufundi: dakika 20 hadi 30 kwa mivuto 20 hadi 22 kwa dakika, kwa mwendo ambao unaweza kusema sentensi nzima. Watu huona ni kazi ya wazee na huiruka. Wiki ya saba utajua ni nani aliyeiruka.

Kuanzia wiki ya nne, siku moja iwe ndefu, dakika 35 hadi 40 polepole. Siku ya pili piga dakika 8 mara tatu, ukipumzika dakika 3, kwa mwendo wa kati unaoruhusu maneno mawili tu. Siku ya tatu piga mita 500 mara sita, ukipumzika dakika 2, zote kwa spliti moja. Ya sita ikiwa polepole kuliko ya kwanza kwa sekunde 8, hukufanya mazoezi ya nguvu, ulifanya mazoezi ya kuanza vibaya. Wiki ya nane na ya tisa badilisha siku ya tatu kuwa mita 1000 mara tatu karibu na mwendo wa mbio, ukipumzika dakika 4 hadi 5, mivuto 26 hadi 30 kwa dakika. Wiki ya kumi punguza yote nusu, na siku ya mwisho kabla ya mbio piga dakika 10 tu za kunyoosha viungo.

Aliyeko Pemba na hana mashine karibu asivunjike moyo kabisa, lakini asijidanganye pia. Kupanda ngazi, kuchuchumaa na kuinuka kwa seti, kuinua gunia la mchanga kwa mgongo ulionyooka, na kukimbia dakika 40 mara mbili kwa wiki kutamjengea miguu na pumzi. Ufundi hauji hivyo. Atafute walau siku nane au kumi za mashine kabla ya mbio, hata kama ni kwa kuvuka Unguja na kukaa kwa jamaa.

Kaskazi, jasho na Ramadhani

Mashindano makubwa ya ndani ni mchezo wa majira ya baridi ya wenzetu: Novemba hadi Machi. Huku kwetu huo ni wakati wa vuli na kaskazi, joto na unyevu. Jasho linatiririka bila kukauka, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Kwa hiyo spliti yako ya Januari jioni ukumbini itakuwa mbovu kuliko ile ya Julai wakati wa kusi, kwa juhudi ileile. Usiibadilishe mipango kwa hofu. Piga baada ya sala ya Alfajiri au usiku baada ya Isha, weka pangaboi likupige usoni, na jaribio la spliti lifanye asubuhi.

Jipime uzito kabla na baada. Kilo moja iliyopungua ni kama lita moja ya maji iliyotoka. Kwa mazoezi marefu maji matupu hayatoshi: lita moja ya maji safi, vijiko 6 vidogo vya sukari iliyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Usizidishe chumvi. Dafu ni zuri baada ya kazi, lakini chumvi yake ni ndogo kuliko uliyoimwaga, kwa hiyo lifuatishe na chakula chenye chumvi kidogo.

Katika miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi, katikati ya msimu, na kila mwaka inarudi nyuma siku 10 au 11. Anayefunga aweke kazi ngumu saa mbili baada ya futari nyepesi: tende, uji, kipande cha muhogo, maji kwa vituo. Viazi vya nazi na samaki wa kukaanga visubiri mpaka umalize. Kabla ya Magharibi fanya ufundi tu, dakika 15 hadi 20 bila kukimbiza pumzi. Punguza mita za wiki kwa theluthi moja, usipunguze usingizi. Mbio zikiangukia ndani ya mwezi wenyewe nawe uko safarini, suala la kufungua ni la kumuuliza shehe wako, si kocha.

Kujiandikisha

Soma kwanza nani anaruhusiwa. Mashindano mengine yako wazi kwa yeyote anayelipa kiingilio. Mengine yanataka muda uliothibitishwa au kupitia shirikisho la nchi yako. Muda huthibitishwa kwa daftari la mtandao la Concept2: unafungua akaunti bila malipo, unaunganisha simu na kioo kupitia programu ya ErgData, na ukimaliza matokeo yanakwenda yenyewe yakiwa yamethibitishwa. Bila simu, kioo hutoa msimbo wa kuthibitisha kwenye kumbukumbu zake, unaunakili mwenyewe. Hakikisha umeweka mita 2000 kabla ya kuanza. Ukipiga tu bila kupanga umbali, namba zitatoka lakini si mbio. Msimu wa orodha hiyo huanza 1 Mei na kuisha 30 Aprili.

Kwa mbio za moja kwa moja mtandaoni, adui ni saa. Waandaaji wakiandika 14:00 ya London wakati wa baridi, huku ni 17:00, yaani saa 11 jioni. Wakiandika 10:00 ya Paris, huku ni saa 6 mchana. Jumapili ya mwisho ya Machi Ulaya husogeza saa mbele na tofauti inapungua kwa saa moja. Andika mara mbili, kwa saa za kizungu na za Kiswahili, na mwache mtu mwingine ahesabu pia. Kuwa na bando la akiba kwenye laini ya pili.

Kwa anayesafiri kwenda nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zenye viza ya pamoja, maombi ya viza hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na yasipungue siku 15 kabla. Bima ya afya ya safari isipungue yuro 30,000. Balozi ziko Dar es Salaam, kwa hiyo hesabu na boti na siku za kusubiri. Waombe waandaaji barua ya mwaliko mara tu unapolipa kiingilio. Nenda siku mbili au tatu kabla, na koti. Ukumbi wenyewe huwa na joto, ila hewa ya baridi kavu kati ya hoteli na ukumbi huzidisha kile kikohozi kinachowapata wengi baada ya mbio.

Mavazi: soma kanuni, na kama unavaa hijabu au unataka kufunika mikono na miguu, waandikie waandaaji mapema upate jibu la maandishi. Kitambaa kiwe chepesi na cha kubana kidogo. Shati refu au kanzu ya michezo yenye upindo mpana hunaswa na magurudumu ya kiti, na mbio zinaishia hapo. Tahadhari nyingine ni dawa ya mafua. Nyingi zina pseudoephedrine, ambayo ikizidi kiwango kwenye mkojo siku ya mashindano ni kosa la dawa zilizopigwa marufuku. Soma pakiti.

Siku yenyewe

Kula saa tatu kabla: boflo na asali, ndizi mbivu mbili, uji usio mzito, chai. Maharage, urojo na kila kilichokaangwa viache kwa jioni. Chakula kipya cha hoteli usikijaribu leo.

Fika saa mbili kabla. Onyesha kitambulisho, chukua namba, tazama uko mashine ipi na mbio ya ngapi. Dakika 40 kabla anza kupasha kwenye mashine za mazoezi: dakika 10 polepole, kisha mivuto 10 kwa mwendo wa mbio mara tatu, na mara moja mivuto 5 ya kuanzia. Utoke na jasho, usitoke na uchovu. Vaa koti mpaka uitwe.

Ukikaa kwenye mashine yako ya mbio:

1. Panga miguu kwanza, halafu itafute ile namba ya ukinzani uliyoiandika kama muda wa kujipasha bado upo.
2. Vifungo vya kioo usiviguse tena baada ya kompyuta kukichukua. Kikizima au kikiganda, inua mkono.
3. Kioo kitaandika "Sit Ready", kisha "Attention", kisha "Row". Feni iwe imesimama kabisa. Ukiivuta kabla ya neno la tatu umeanza vibaya, na mbio zitarudiwa kwa aibu yako.
4. Anza na kiti kikiwa robo tatu mbele, si mwisho kabisa, kwa sababu feni iliyosimama ni nzito. Mivuto mitatu mifupi, miwili mirefu zaidi, halafu mvuto kamili.

Mivuto 8 hadi 10 ya mwanzo piga kwa kasi, mwili una akiba ya sekunde chache kama hizo isiyo na gharama kubwa. Kioo kitaonyesha 1:50, utajiona simba. Mvuto wa 11 shusha kwa makusudi mpaka spliti yako, hata kama kijichombo chako kinarudi nafasi ya mwisho. Hapa ndipo ukumbi mzima unapokudanganya, kelele, muziki, watu bega kwa bega. Weka macho kwenye namba moja tu.

Mita 500 hadi 1000 inatakiwa uhisi kwamba ungeweza kuongeza. Usiongeze. Kuanzia 1000 hadi 1500 ndipo kazi ilipo: mapaja yanajaa, pumzi inakuwa fupi, na akili inaanza kutafuta sababu ya kusimama. Usiangalie mita zilizobaki. Hesabu mivuto kumi kumi. Kwa dakika 8:40 na mivuto 28 kwa dakika, mbio nzima ni mivuto 240 na kitu. Kila kumi ni kama mita 82. Spliti ikiteleza kwa sekunde 2, usiongeze idadi ya mivuto, sukuma miguu zaidi na urefushe mvuto. Katika mita 500 za mwisho ongeza mivuto miwili kwa dakika, na ukibaki na 250 mwaga kilichobaki. Ukiwa na mtu wako nyuma, mwambie mapema akusomee namba tu. "Kaza" haisaidii kitu mtu anapokuwa katika mita ya 1300.

Ukimaliza, usiuachie mpini. Mnyororo unavutwa na kamba ya mpira iliyo ndani, na mpini ulioachiwa hukimbilia mbele ukagonga mashine au vidole vya mtu. Upeleke kwa mkono mpaka pahala pake. Usilale chini wala kuruka kusimama. Damu imejaa miguuni, na wanaoinuka ghafla huanguka. Teleza kwenye kiti bila nguvu dakika mbili tatu, kisha tembea, kisha mashine ya kupoza dakika 10. Kutapika kidogo si jambo la hospitali. Maumivu ya kifua, au kizunguzungu kisichoisha baada ya robo saa, ni la watu wa huduma ya kwanza pale ukumbini.

Kabla hujafungua miguu, piga picha ya kioo chenye muda na spliti za kila mita 500. Kama ni mbio za mtandao, ndiyo ushahidi wako ikiwa intaneti ilikatika. Kama ni za ukumbini, tazama tu mstari wa kwanza na wa tatu. Tofauti yao ikizidi sekunde 6, msimu ujao anza kusahihisha kwenye mvuto wa 11.